Utegemezi wa pombe hupimwa asubuhi

Swali: Daktari, shikamoo. Mume wangu ana miaka 44, ni fundi wa kuchomelea mageti hapa Arusha. Kila siku akifunga kazi anakunywa bia tatu, na usiku nyumbani anamalizia kichupa cha pombe kali. Hapigi mtu, hatukani, na karakana hajaiacha. Ila asubuhi mikono haitulii mpaka apate mafunda mawili matatu, ndipo anashika mashine. Tulipata kwenye simu dodoso la maswali kumi, akajibu mwenyewe, akapata 22. Nilishtuka. Yeye anasema ni namba tu, mlevi ni yule anayelala mtaroni. Mwaka juzi tulikwenda msibani kijijini kwao, akakaa siku nne bila pombe. Usiku wa tatu homa ikampanda kichwani, akawa anafukuza siafu kitandani ambao sisi hatukuwaona. Sasa ameahidi kuacha ghafla tarehe mosi, na mama mkwe anasema tumpeleke kijijini tumfungie ndani wiki mbili. Amefikia kiwango gani? Na hiyo 22 ina maana gani?

Jibu: Marahaba, dada yangu.

Nianze na lisiloweza kusubiri. Msimfungie, na asiache ghafla hiyo tarehe mosi kabla ya kuonwa na daktari. Bila kumwona siwezi kumwandikia ugonjwa, lakini kila ulichoeleza kinaelekea kwenye utegemezi mkali wa pombe. Na sikufika hapo kwa kuhesabu bia, wala kwa hiyo 22. Nimefika kwa mambo mawili uliyoyataja kwa kupita tu: mikono ya asubuhi na siafu wa msibani.

Kwetu mtu mzima akianza kufukuza visivyoonekana usiku wa manane, tunasema malaria imepanda kichwani, au tunaanza kumtafuta aliyemtupia kitu. Lakini hebu hesabu siku. Pombe ya mwisho aliinywa kabla ya safari. Mnywaji wa kila siku aliyezoea kiwango kikubwa huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa 6 hadi 12 baada ya kinywaji cha mwisho. Kama atapata kifafa cha kuacha pombe, mara nyingi hutokea kati ya saa 6 na saa 48. Kisha, kati ya saa 48 na saa 96, wachache hupata hali nzito zaidi: mtu huchanganyikiwa, hajui yuko wapi wala ni saa ngapi, anaona wadudu au watu wasiokuwepo, moyo unakwenda mbio, joto linapanda, mwili unalowa jasho. Madaktari huiita deliriamu tremensi. Usiku wa tatu wa shemeji yangu unaangukia hapo hapo. Inawezekana na malaria ilikuwepo, ndiyo maana hospitali hupimwa vyote, ila siwezi kuupuuza mpangilio wa saa namna hiyo. Hali hiyo isipotibiwa huua. Ikitibiwa mapema, walio wengi hupona.

Sababu yake ni hii. Pombe huutuliza ubongo. Ubongo unaotulizwa kila siku kwa miaka hujipanga upya: hupunguza utulivu wake wa asili na kuongeza uchangamfu wake, ili mtu aweze kufanya kazi huku pombe ikiwa ndani. Pombe ikikatwa kwa mkupuo, ule uchangamfu wa ziada unabaki bila wa kuuzuia. Mikono inatetemeka, usingizi unakataa, shinikizo la damu linapanda, na mwisho wake kifafa au kuchanganyikiwa. Hapa nia ya mtu haina nguvu. Anaweza kuwa ameapa mbele ya padri au shehe, na bado akapata kifafa siku ya pili. Pia kila anapokatishwa ghafla bila tiba, mara inayofuata huelekea kuwa mbaya kuliko iliyopita. Aliyewahi kufukuza siafu mara moja hafai kabisa kufungiwa chumbani mbali na hospitali.

Sasa hiyo 22.

Dodoso mlilolipata, kwa maelezo yako, ni AUDIT la Shirika la Afya Duniani. Halikutungwa kwa ajili ya Wazungu peke yao. Utafiti uliolizaa ulifanyika katika nchi sita na Kenya ilikuwa mojawapo, na matokeo yalichapishwa mwaka 1993. Maswali ni kumi na alama za juu ni 40. Kuanzia 8 mtu anakunywa kwa namna inayoweza kumletea madhara, 16 hadi 19 ni kiwango cha juu zaidi cha matatizo, na 20 kwenda juu ni ishara kwamba huenda kuna utegemezi na anahitaji kuchunguzwa kwa undani. Kwa hiyo 22 inasema "mpelekeni akapimwe". Ukali wenyewe haiusemi. Wanaume wawili wanaweza kuwa na 22 kila mmoja, mmoja akiwa amezipata kwa kuumiza watu, kusahau alichofanya na kulaumiwa na ndugu baada ya ulevi wa mwisho wa juma, mwingine akiwa amezipata kwa kunywa kila siku na kushindwa kuianza asubuhi bila pombe. Wa kwanza ana tatizo kubwa, ila akiacha leo mwili wake hautamfanya lolote. Wa pili anaweza kufa akiacha leo.

Ndiyo maana mtu akiniletea jumla ya AUDIT, namuuliza kwanza alijibuje swali la sita, linalouliza ni mara ngapi amehitaji kinywaji asubuhi ili aweze kuianza siku. Mtaani tunaita kuzimua, na tunaichukulia kama jambo la kuchekesha linaloendana na supu. Anayezimua mara moja baada ya harusi simhofii. Anayezimua kila asubuhi ili mikono itulie anatumia pombe kama dawa ya ugonjwa ulioletwa na pombe, na hiyo ni alama nzito kuliko karibu zote ninazoulizia.

Tena nina wasiwasi kwamba 22 ni ndogo kuliko ukweli, bila yeye kudanganya. Swali la pili linauliza anakunywa vinywaji vingapi kwa siku. Nina hakika alihesabu bia tatu na kichupa kimoja, akapata vinne. Dodoso halihesabu chupa. Linahesabu vipimo vya gramu 10 za alkoholi halisi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25 za alkoholi, ambazo ni karibu gramu 20, yaani vipimo viwili. Bia tatu ni sita. Kichupa cha mililita 200 cha pombe ya asilimia 35 kina gramu 55 hivi, vipimo vitano na nusu. Jumla inapita vipimo 11 kwa siku, gramu 115 hivi, na kwa mwanaume kiwango cha zaidi ya gramu 100 kwa siku kimewekwa katika kundi la hatari kubwa kabisa. Jibu la "vinne" humpa alama 1, na jibu sahihi humpa 4. Swali la tatu, linalouliza ni mara ngapi anafikisha vinywaji sita kwa mkupuo, nalo linabadilika vivyo hivyo, maana kumbe anavifikisha kila siku. Mkirudia kwa hesabu hii mtapata 25 au zaidi. Angalieni asilimia kwenye lebo na ujazo wa chupa yenu. Kama siku nyingine anakunywa gongo, hapo hakuna hesabu itakayosimama, kwa sababu nguvu yake hubadilika kutoka mpishi mmoja hadi mwingine.

Hata hivyo, wingi peke yake si kipimo cha ukali. Mwaka 1976 daktari wa magonjwa ya akili wa London, Griffith Edwards, na mwenzake Milton Gross walieleza utegemezi wa pombe kama mkusanyiko wa dalili zinazokwenda pamoja, na ambao una viwango, kuanzia hafifu hadi mkali. Hadi leo wengi wetu tunachunguza kwa macho yao. Waliangalia kama unywaji umeganda katika ratiba ileile Jumatatu hadi Jumapili, kama pombe imeanza kutangulia mbele ya mambo mengine, kama mtu anahitaji kingi zaidi ili alewe, kama anapata arosto, yaani taabu za mwili unapokosa pombe, na kuinywea pombe ili aiondoe, kama anahisi kusukumwa, na kama akiacha kwa muda kisha akarudi, hali yote ya zamani inarejea kwa haraka.

Soma barua yako tena ukiwa na hayo kichwani. Bia tatu zilezile, baada ya kazi ileile, kisha kichupa. Hiyo ndiyo ratiba iliyoganda. Na kwamba hapigi mtu, hatukani, wala karakana hajaiacha, pamoja na gramu 115 kila siku? Wewe umeliandika kama jambo la kumtetea, na ninaelewa kwa nini, kwa sababu nyumba nyingi zingetamani mlevi wa namna hiyo. Kwa daktari ni ushahidi kwamba mwili umezoea. Asiyezoea akinywa kiasi hicho hufika nyumbani amebebwa. Watu husifu "kichwa kigumu" baa, na wagonjwa wangu wengi walioishia kwenye kifafa walikuwa wamesifiwa hivyo kwa miaka. Fedheha hupima jinsi pombe inavyomfanya mtu anapokuwa nayo. Utegemezi hupimwa kwa jinsi mwili unavyofanya inapokosekana, na kwa mnywaji wa kila siku saa ya kuona hilo ni asubuhi. Anayelala mtaroni anaweza kuwa na utegemezi mdogo kuliko fundi anayefungua karakana saa moja kamili.

Kipimo kilichotungwa mahsusi kwa ajili ya ukali ni kile cha Hospitali ya Maudsley, London, cha mwaka 1979, kinachoitwa SADQ. Kina maswali 20, kila moja lina alama 0 hadi 3, na jumla ni 60. Chini ya 16 utegemezi ni hafifu, 16 hadi 30 ni wa kati, 31 kwenda juu ni mkali. Sehemu kubwa yake inahusu asubuhi. Mtu anaambiwa akumbuke mwezi mmoja wa karibuni alipokuwa akinywa sana, kisha anaulizwa: uliamka umelowa jasho? Mikono ilitetemeka, au mwili mzima? Uliogopa kukutana na watu? Ulitapika au kuhisi kichefuchefu? Ulikunywa haraka ili kutetemeka kuishe? Mwishoni anaulizwa angejisikiaje kama angekaa wiki kadhaa bila pombe, kisha akanywa sana siku mbili mfululizo. Daktari au muuguzi wa afya ya akili anaweza kupita naye maswali hayo kwa dakika chache.

Wewe unaweza kumsaidia daktari huyo kwa daftari. Kwa siku chache zilizobaki andika saa aliyokunywa funda la mwisho usiku, saa aliyoamka, na hali aliyoamka nayo: mashuka yamelowa au la, amemwaga chai au ameshika kikombe kwa mikono miwili, ametapika akipiga mswaki au la. Andika saa ya funda la kwanza na baada ya dakika ngapi mikono ilitulia. Mwambie kwamba unaandika, usifanye kwa siri, kwa sababu akilikuta kabatini ataliona kama faili la polisi. Hesabu ya chupa iwe ya vipimo kama tulivyofanya juu.

Kuna utaratibu mwingine utakaousikia hospitali, wa Marekani, uitwao DSM-5 na uliotoka mwaka 2013. Huo unahesabu dalili 11 ndani ya miezi 12: mbili au tatu ni hali hafifu, nne au tano ni ya kati, sita na kuendelea ni kali. Ni mzuri kwa kuandika utambuzi. Kwa swali lako, la kama ni salama kuacha nyumbani, hautoshi, maana mtu anaweza kufikisha sita kwa ugomvi, ajali na kazi zilizoharibika bila mkono kutetemeka hata siku moja. Vipimo vya ini vifanyike, ila msivitumie kama hukumu. Nimeona waliofurahia karatasi yenye majibu mazuri ya ini wakaendelea miaka mingine, wakati utegemezi uko ubongoni.

Kuhusu wapi pa kwenda: anzieni kliniki ya afya ya akili ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, na KCMC Moshi si mbali mkipewa rufaa. Ningependelea alazwe. Mwongozo unaofuatwa Uingereza unataja waliowahi kupata kifafa au deliriamu wakiacha pombe miongoni mwa wanaofaa kuachishwa wakiwa wamelazwa, hata kama kiasi wanachokunywa si kikubwa kupita wengine. Shemeji yangu anaingia kwa sababu ya ule msiba. Wodini, muuguzi atarudi kwake kila baada ya saa kadhaa na karatasi ya vipengele kumi iitwayo CIWA-Ar, akiangalia mtetemo wa mikono iliyonyooshwa, jasho, wasiwasi, kichefuchefu na kuona mauzauza. Karatasi hiyo inapima arosto ya saa ile ile, kwa hiyo msishangae alama zikiwa chini alipofika na kupanda usiku. Ikiwa amezimua kabla ya kuja, atapata alama ndogo na anaweza kurudishwa nyumbani. Semeni wazi alikunywa saa ngapi, kiasi gani.

Dawa kuu itakuwa ya jamii ya diazepamu, inayoanza kwa kiasi cha kutosha na kupunguzwa siku hadi siku, mara nyingi kwa wiki moja hivi. Pamoja nayo atahitaji thayamini, yaani vitamini B1, na kwa mtu kama yeye inafaa iwe ya sindano. Ulizeni kuhusu hiyo bila kuona haya, hasa kama anatundikiwa dripu ya glukosi. Wanywaji wa muda mrefu huishiwa vitamini hiyo, na mwenye upungufu mkubwa akipewa sukari bila thayamini anaweza kuharibika ubongo na kupoteza kumbukumbu moja kwa moja. Lakini nawasihi: msiende duka la dawa kununua diazepamu mkampa wenyewe. Ikikutana na pombe tumboni inaweza kumzuia kupumua.

Kati ya leo na siku ya kuonwa, aendelee kunywa takriban kama alivyozoea, asiongeze na asikate. Najua ni jambo gumu kulisikia kutoka kwa daktari, na pengine gumu zaidi kulisema wewe uliyeomba miaka yote aache. Ni kwa siku hizo chache tu, ili afike akiwa mzima. Ale, anywe maji, asiendeshe pikipiki, na asipande juu kuchomelea. Akipata kifafa, akichanganyikiwa, akianza kuona vitu, au akipata homa na jasho jingi wakati hajanywa, msisubiri kliniki. Mpelekeni dharura usiku huo huo, na neno la kwanza mtakalosema mapokezi liwe "ni mnywaji wa kila siku na ameacha pombe", pamoja na saa alipokunywa mara ya mwisho. Bila neno hilo mtapimwa malaria, mtapewa dawa, mtarudishwa.

Wiki ya kuachishwa ikipita, watu hudhani kazi imekwisha. Kwa mwenye utegemezi mkali, hapo ndipo hatari ya kurudi ilipo, kwa sababu baada ya bia mbili za "kuonja" anaweza kuwa amerudi kwenye kichupa na kuzimua ndani ya siku chache, hata kama alikaa miezi mitatu. Muulizeni daktari kuhusu naltreksoni na akamprosati, dawa za kusaidia kutorudi, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023. Naltreksoni haimfai mwenye ini lililoharibika sana, na hapo ndipo vile vipimo vya ini vina kazi. Tafuteni pia kundi la walioacha, la Alcoholics Anonymous au la kanisani kwenu kama lina watu wanaolijua jambo hili.

Zungumza naye asubuhi, baada ya lile funda la kwanza, mikono ikiwa imetulia na kichwa kikiwa chepesi. Usianze na neno mlevi, analo jibu lake tayari. Anza na msiba. Muulize anakumbuka nini cha usiku ule wa tatu. Wengi hawakumbuki, na wakisimuliwa na mtu aliyekuwepo huogopa kwa namna ambayo hakuna dodoso linaloweza kuwaogopesha. Kisha mwambie kwamba unaheshimu kutaka kwake kuacha, na kwamba tarehe mosi inabaki palepale, ila iwe tarehe ya kwenda hospitali. Kujibu maswali kumi kwa mkono wake na kukuonyesha 22 si jambo dogo kwa mwanaume. Mpe heshima hiyo.

Mama mkwe naye asiachwe nje. Anataka mwanawe apone, na nguvu alizokusudia kuzitumia kulinda mlango zinahitajika kwingine: hospitali zetu hutaka ndugu wa kukaa na mgonjwa, na usiku wa pili na wa tatu ndio unaohitaji macho. Mpangeni zamu hizo.